Mkate Usio na Yai

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi yangu Mwamini, hapa Baraka, nilitambua kwamba nikiendelea kusikiliza nitapasuka. Wanawake wa mtaa mzima tulikuwa tumejazana sebuleni kwake, tumekaa kwenye mikeka kwa sababu makochi yake yenye vitambaa vya kufuma yalikuwa yametolewa nje wakakalia wanaume. Kila aliyefungua mdomo alimwongezea marehemu sifa mpya, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi kila mgeni akiingia. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kumsengenya mtu, nami nikakohoa chai. Mwingine akasema hakuwahi kumnyima mtu chakula, na huyo ndiye aliyekuwa akifukuzwa mlangoni kila mwaka mwezi wa Ramadhani. Halafu wakafika pale nilipojua watafika. "Ni yeye aliokoaka Zaina na ile sumu ya mikate," akasema mama mmoja, akapangusa jicho lisilo na chozi. "Kweli kabisa," wakaitikia wote. Zaina mwenyewe alikuwa kando yangu, mama wa watoto wawili sasa, na mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye sinia. Kabla ya kushika mkate aliniuliza, kwa mazoea tu, "Iko na yai?" Nikamwambia hakuna yai. Mikate ile ilikuwa yangu, na Baraka nzima inajua mikate yangu haina yai.

Wanasema wafu hawasemwi vibaya. Ni methali nzuri, na nina hakika ilitungwa na mtu aliyekuwa karibu kufa na mambo yake yakiwa hayajanyooka. Mimi shangazi nimemuosha, nimemvisha sanda, nimempikia wageni wake siku tatu, na sasa nitamsema. Sitaeleza nani alimzaa nani na kwa nini nilikulia kwake. Hizo ni hadithi ambazo kila nyumba inazo na hakuna anayezisikiliza mpaka mwisho. Itoshe kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeimaliza bila cheti, na kazi yangu ilikuwa jiko lake.

Jiko hilo lilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha dogo lililotazama banda la kuku. Nilikuwa na mbabula mbili za makaa, sufuria tatu, na mwiko uliokuwa umeungua upande mmoja. Asubuhi chai na mandazi, mchana bugali na ndagala za mawese, dagaa wa ziwa letu, jioni bugali tena na sombe ya majani ya muhogo. Ukutani palikuwa na tundu ambapo tofali lilikuwa limetoka, na kupitia tundu hilo nilisikia kila lililosemwa sebuleni. Shangazi alijua kuna tundu, lakini hakuliziba. Nadhani alipenda kusikilizwa, hata na mtu wa jikoni. Alikuwa na mashua mbili za uvuvi, bati jipya, choo cha kujengwa ambacho aliwaonyesha wageni kabla hawajaomba kukiona, na mjukuu mmoja wa miaka mitano, huyo Zaina, aliyempenda kwa namna mtu anavyopenda kitu chake. Nyumba yake ilikuwa na sheria nyingi, na mbili kati yake ndizo zilizoleta haya yote. Ya kwanza ni ya watu wote wa kwetu: anayekupa chakula anauma kwanza mbele yako, ili ujue hakina sumu. Ya pili ni ya kizazi cha wazee, ingawa yeye aliishika kama aya: mtoto halishwi yai. Mtoto akila yai atakuwa mwizi. Mayai ya banda letu yalikuwa ya kutotolesha, au ya mgeni mwenye heshima, na Zaina alikuwa amefika miaka mitano bila kujua yai lina ladha gani.

Ndipo akaja Mama Tosha. Huo ulikuwa mwaka ambao watu wengi walikuwa wakirudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, wakishuka mashuani na magodoro, baiskeli na watoto waliosema "shikamoo" kwa kila mtu mpaka tukawacheka. Mama Tosha alirudi na binti yake Tosha, wa umri wangu, pamoja na nusu ya pipa la mafuta lililokatwa kwa msumeno. Pipa hilo lilikuwa tanuri. Alililaza juu ya mawe, akatia makaa chini na makaa juu ya bati la kufunikia, na ndani akapanga makopo matupu ya nyanya, kila kopo na donge lake la unga. Mikate iliyotoka humo ilikuwa laini kama shavu la mtoto, na juu yake ilimeta. Sisi tulikuwa tumezoea mandazi magumu ya asubuhi na mkate wa duka unaokwangua koo. Katika mwezi mmoja kona yake, pale pikipiki zinaposimama kungoja abiria, ikawa na foleni. Watu walimcheka Kiswahili chake huku midomo imejaa mkate wake. "Eti 'naomba chenji'," walisema wakitafuna. Mimi nilikwenda kila siku. Tosha aliniwekea mmoja uliochomeka kidogo pembeni kwa sababu alijua napenda ulivyo mkavu, na tukawa marafiki kwa njia hiyo, kwa mkate ulioungua.

Siku moja Zaina alinifuata. Mama Tosha alimkatia kipande, akauma kwanza kama desturi, akampa. Hatukuwa tumefika nyumbani na tayari midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, shingo ina mabaka, anajikuna na kulia. Akatapika mlangoni, na jioni akapona. Shangazi hakuuliza amekula nini. Aliuliza amepewa na nani.

Nimefikiria swali hilo kwa miaka mingi, na kila mara linanichefua. Mtoto anavimba mbele yako, na kitu cha kwanza unachotafuta ni mtu wa kumchukia! Lakini ndivyo tulivyokuwa, na wengi ndivyo walivyo hadi leo. Kwetu hakuna anayeumwa tumbo hivihivi. Mzee wa miaka tisini akifa usingizini, jirani atauliza jana alikunywa chai kwa nani. Kwa hiyo shangazi alipoketi kwenye kiti chake na kuita wanawake wenzake, nilisikia kupitia tundu langu neno nililolitarajia. "Ni sumu ile," akasema. "Ile mwanamuke ametoka kule na dawa yake." Mmoja, pengine mwenye akili kidogo, akanitaja mimi kuwa shahidi, "Lakini aliuma kwanza, Mwajuma aliona." Shangazi akajifunga kilemba upya. Halafu akasema maneno ambayo watu wa matanga wangeyajua wasingemuita mkombozi. "Basi tutajaribu tena. Hapa, macho ya bote."

Naam, alimjaribu mjukuu wake. Alimwita Mama Tosha aje na mkate wa moto kutoka tanuri, akaketisha wanawake wanane kwenye makochi, akamkalisha Zaina katikati kwenye kigoda, amevalishwa gauni la Idi. Nilileta chai. Mama Tosha alikuja amejifunga kitenge safi, anatabasamu, anadhani ameitwa kwa heshima. Alipoelewa, tabasamu lilibaki usoni kwa sababu hakujua aliweke wapi. Akakata mkate nusu. Akauma, akatafuna, akameza, akafungua mdomo waone hakuficha kitu shavuni. Nusu nyingine akapewa Zaina, na mtoto akaila yote, maana hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mizani. Tukangoja. Wanawake wakaongea habari za ndagala, za mashua moja iliyopotea upande wa Swima, za bei ya sabuni. Kisha Zaina akaanza kujikuna shingo.

"Munaona?" akasema shangazi, na naapa sauti yake ilikuwa na furaha. "Alikunywa dawa yake ya kujikinga kabla ya kuya. Njo maana yeye havimbi." Mama Tosha alipiga magoti akaapa kwa Mungu, kwa binti yake, kwa makaburi aliyoyaacha kambini. Lakini angesema nini? Desturi iliyowekwa kumwokoa mtu asiye na hatia ndiyo iliyomtia hatiani: asipouma ni mchawi, akiuma ni mchawi mwerevu. Wanawake wanane waliinua vitenge vyao wasimguse wakitoka. Mkuu wa mtaa akaitwa, naye, kwa kuwa alikuwa akila ndagala za mashua za shangazi bila kulipa, akasema Ijumaa ya wiki ya pili atatoa uamuzi kama mama huyo abaki mtaani au aondoke.

Siku hiyo pia aliletwa mzee wa kutapisha. Kila mji wa kwetu unaye. Huyu wetu alikuwa na mkoba wa semina, wenye maandishi ya mkutano wa afya ambao hakuhudhuria, na ndani yake mizizi, unga mweusi na leso chafu. Alimnywesha Zaina maji machungu, mtoto akatapika, akapumua vizuri. Mzee akaonyesha povu kwenye beseni. "Ile njo sumu," akasema, na watu wazima, watu wenye nyumba na vyoo vya kujengwa, waliinama wakatazama mate ya mtoto kama wanasoma barua. Alichukua majogoo wawili, akasema atarudi kumfunga mtoto mwili ili sumu isimpate tena.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa ajili ya haki. Sikusimama. Nilichotaka ni mikate. Kona ilikuwa tupu, Tosha hakuniwekea tena kipande kilichoungua, na mimi nilikasirika kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Nilipotumwa kupeleka samaki kwa muuguzi mmoja, mteja wa shangazi, nilimwuliza. Alikuwa mwanamke mchovu aliyeongea bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Hiyo hapana sumu. Ni aleriji. Mwili ya mutoto inakataa kitu moja mu ile mukate. Mutafute ni kitu gani." Nikamwuliza tutatafutaje. "Muondoe kimoja kimoja," akasema. "Na muache kumupa ile mukate, Mungu wangu!" Nilipomweleza shangazi, alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Mwili inakataa mukate? We unaona Zaina ni muzungu?"

Basi nikaanza kupika. Nilipika mchana, shangazi akiwa ufukweni kuwasimamia wavuvi wake, maana hakumwamini mtu hata kuhesabu samaki wadogo. Niliweka sufuria juu ya mbabula, mchanga ndani yake, kopo juu ya mchanga, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Mara ya kwanza nilioka unga, maji na chumvi tu. Nikampa Zaina punje moja, nikamtazama mpaka macho yakauma. Hakuvimba. Nikaongeza sukari, hakuvimba. Nikaongeza levire, ile chachu ya pakiti, kisha maziwa ya unga, kisha mafuta ya dukani badala ya mawese. Mkate wangu ulikuwa mgumu, mweusi chini na mbichi katikati, na Zaina aliutema kwa dharau inayomstahili mjukuu wa bibi yake, lakini hakuvimba. Leo najua nilikuwa nachezea moto: muuguzi alisema tuondoe, mimi nikamlisha. Siku hizo nilijiona daktari. Siku ya tano nilikuwa nimemaliza kila kitu nilichokijua kuhusu mkate, na sikuwa nimejua lolote.

Nikaenda kwa Mama Tosha saa ya sala ya adhuhuri, njia ikiwa tupu. Tanuri lilikuwa baridi. Chumba chao kilikuwa na kitanda kimoja, na makopo ya nyanya yamepangwa ukutani, safi kabisa, hayana kazi. Tosha alinifungulia mlango bila kusalimu. Nikamweleza mama yake maneno ya muuguzi, nikamtajia nilivyojaribu, nikamwomba aniambie kuna nini kingine. Mama Tosha akamtazama binti yake, akaufunga mlango.

"Yai, mwanangu," akasema. "Natia mayai mawili kwenye unga, na jingine napaka juu ndipo mkate unang'aa. Kule kambini kila mtu alijua. Nilipofika hapa nikasikia mnavyosema kuhusu watoto na mayai, nikanyamaza. Ningesema, nani angeninunulia?"

"Sasa useme," nikamwambia. "Utakuwa umepona."

"Nitapona na sumu, nife na yai. Miezi minane nimewalisha watoto wa mtaa huu mayai, mama zao hawajui. Unadhani watanishukuru?" Akanishika mkono. "Niapie hutasema."

Nikaapa. Ni Tosha aliyepata wazo, na nalitaja hapa kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikisema ni langu. "Tupike bila yai," akasema. "Ufanane uleule, uwe laini, uwake juu. Ijumaa mama aume mbele ya bote, Zaina akule, asivimbe. Basi, bitaisha. Hakuna mutu atajua."

Tulikuwa na siku saba, na sijawahi kuwa na siku bora kuliko hizo, jambo linalonifanya nijidharau zaidi. Tulijaribu ndizi mbivu, mkate ukawa mzito na mtamu kama uji ulioganda. Tukajaribu wanga wa muhogo, ukavutika kama gundi ya viatu. Tosha akasema papai, na unga ukalainika mpaka ukawa maji, tukaumwaga kwa kuku tukicheka. Mama Tosha aliketi kando akikosoa, "Kanda, binti, usiubembeleze." Siku ya nne Tosha alikuwa anakula kiazi kitamu cha kuchemsha, akakitazama, akakiponda, akakitupa kwenye unga. Mkate ulitoka umeumuka, wa njano ndani, laini. Ulipokuwa bado wa moto tukaupaka maji ya sukari juu, nao ukameta. Mama Tosha aliuma, akafumba macho. "Huu ni mkate," akasema. Kesho yake nilimpa Zaina punje, kisha kipande, kisha mzima. Akala, akalamba vidole, akaomba mwingine. Shingo yake ilikuwa safi. Ilikuwa Jumanne, imebaki kungoja Ijumaa tu.

Jumatano mzee wa kutapisha akarudi na mkoba wake kuja kumfunga mtoto. Nilikuwa jikoni, nasikiliza kwenye tundu. Nikasikia anasema dawa hii hainywewi kwa maji. Nikasikia shangazi anauliza, "Inanywewa na nini?" Akajibu, "Na yai mbichi. Yai inavuta sumu." Shangazi akasita. Nilimsikia anasita, na kwa pumzi moja nilimpenda kwa sababu ya sheria yake ya kijinga. Kisha akasema, "Kama ni dawa, hapana chakula." Akainua sauti. "We Mwajuma! Leta yai."

Nilikwenda bandani. Nilitia mkono chini ya kuku, nikatoa yai, lilikuwa na joto. Nikasimama uani nalo. Nilijua. Katika Baraka nzima tulikuwa watu watatu tuliojua, na ni mimi mmoja niliyekuwa uani pale. Nilifikiri kuliangusha, lakini bandani yalibaki mengine. Nilifikiri kusema, nikakumbuka kiapo, na nikajidanganya kwamba ni kiapo kilichonifunga mdomo. Uongo. Nilimwogopa shangazi. Niliogopa atauliza umejuaje, niliogopa jinsi anavyocheka mpaka kilemba kinalegea, niliogopa kupoteza Ijumaa yangu niliyoipanga kwa akili nyingi. Nikajiambia dawa ni kijiko kimoja tu. Nikajiambia mzee ni mtu mzima, atajua. Mtu akitaka kuwa mwoga hakosi sababu. "Mwajuma! Unalitaga we mwenyewe?" Nikaingia, nikaliweka kwenye bakuli.

Kijiko kimoja kilitosha. Zaina hakujikuna. Alishika koo, akatoa sauti nyembamba, midomo ikageuka rangi, macho yakavimba yakafunga. Mzee akasema, "Sumu inatoka," naye alikuwa tayari anakusanya mizizi yake mkobani. Hapo ndipo nilipopiga kelele. "Ni yai! Ni yai! Mukate ya Mama Tosha ilikuwa na yai!" Nilimkwapua mtoto, nikakimbia naye mpaka kona ya pikipiki, kona ileile, na mwenye pikipiki akatupeleka kituo cha afya bila kuuliza nauli. Muuguzi yuleyule mchovu alimchoma sindano. Tulikaa pale, mimi na shangazi aliyefika akihema, tukisikiliza mtoto anavyovuta hewa, na sauti ikazidi kuwa nene kidogo kidogo, mpaka akalia kwa nguvu, na mimi nikalia pia. Muuguzi alisema safari hii ameinua macho. "Ni yai. Asikule yai tena maisha yake yote. Na ile mama ya mikate, mumuombe musamaha."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Sikuwahi kumwona mnyonge vile, na kama angekufa siku hiyo ningemlilia. Lakini njia ya kurudi ni ndefu kidogo, na tulipofika nusu yake akasimama. "Yai," akasema. "Kumbe alikuwa analisha batoto betu mayai. Kwa siri." Akatembea. "Batoto ya mutaa muzima!" Tulipofika nyumbani alikuwa amekwisha kuisuka yote, ilibaki kuwasimulia wengine. Mimi ndiye niliyempa uzi.

Ijumaa mkuu wa mtaa alikaa, na hakuna aliyetaja sumu. Sumu ilikuwa imekwisha kazi yake. Mama mmoja akasema mwanawe aliiba sukari mwezi uliopita. Mwingine alipotelewa na kisu. Mwingine mtoto wake alikula nyama sufuriani kabla ya baba, kosa ambalo watoto wamelifanya tangu nyama ilipoanza kupikwa, na sasa likawa la Mama Tosha. Kila udokozi wa mtaa wetu ulimwangukia, hata ule uliotokea kabla hajarudi kutoka Tanzania. Alikuwa ameleta kikapu cha mikate isiyo na yai, ya viazi, kama tulivyopanga. Hakuna aliyeigusa. Alinitazama mara moja. Hakusema "uliniapia." Tosha ndiye aliyenitazama mpaka mwisho, na mimi nikatazama miguu yangu.

Mkuu wa mtaa aliamua waondoke, nao wakaondoka na mashua ya kwenda Kigoma, sikwenda ufukweni. Pipa lilikuwa zito, wakaliacha. Kabla ya wiki kwisha shangazi alilileta uani kwetu, likibiringishwa na wavuvi wake wawili, akasema, "Mwajuma, Zaina anasema unajua kupika ile ya bila yai. Basi pika. Batu banaitaka." Nikapika. Niliiuza kwenye kona ileile, na mama walewale walipanga foleni, na mimi mwenyewe niliwaambia, kila aliyeuliza, kwamba nilijifundisha peke yangu jikoni. Nimejenga nyumba kwa kiazi cha Tosha. Nimesomesha watoto watatu. Shangazi alifanywa mkombozi wa Zaina, na kila aliposimulia nilikuwa kwenye tundu langu, nanyamaza, na baadaye sikuhitaji tundu, nilinyamaza nikiwa nimeketi naye sebuleni.

Nimewadharau wanawake wa matanga tangu mwanzo wa hadithi hii. Nyani haoni kundule. Siku hiyohiyo ya tatu, baada ya alasiri, mlango ulifunguka akaingia mwanamke mnene kidogo, amevaa vizuri, na nikamjua kwa jinsi alivyosimama. Tosha huwa analeta vitenge kutoka ng'ambo, nilisikia, lakini alikuwa akishukia Uvira. "Poleni na msiba," akasema. Akapewa nafasi mkekani, akatazamana nami. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama iko?"

"Iko," akasema. "Lakini hakupika tena."

Nikamletea chai na mkate, kwa kuwa sikujua kufanya kitu kingine. Aliukata katikati, akatazama unjano wake ndani. Mama mmoja, mwenye lile jicho lisilo na chozi, akajitia kumweleza mgeni. "Ile ni mukate ya Mwajuma. Alijifundisha yeye mwenyewe, marehemu akamupatia pipa." Tosha hakumgeukia. Aliningoja mimi niseme. Nilijua ananingoja, na kimya changu kilikuwa kilekile cha uani, na yai lilikuwa bado na joto mkononi. Kisha akanirudishia nusu moja.

"Uma we kwanza," akasema.

Katika nyumba ya msiba hakuna anayesema hivyo. Wanawake wote walishusha vikombe. Niliuma. Nilitafuna, nikameza, nikafungua mdomo aone, kama mama yake alivyofungua katika sebule hii, na ndipo maneno yakatoka. "Hii mukate ni ya Mama Tosha na mutoto yake," nikawaambia. "Hapakuwa sumu. Na yai ya siku ile, nilijua itamufanyia Zaina nini. Ni mi nilileta." Kando yangu Zaina aliacha kutafuna.

Tosha aliiweka nusu iliyobaki juu ya sahani. Chai alikunywa. Mkate hakula.